Bizimu la Bega la Kulia

Hexham, Northumberland
6 Novemba 2005

Mpendwa mdogo wangu Hester,

Niwie radhi kwa kimya cha majuma tisa. Barua yako ya mwanzoni mwa Septemba ilinifikia kwa wakati, niliisoma siku ileile, na tangu hapo imekaa mezani pangu chini ya kamusi. Kifua kilinisumbua Oktoba nzima, kisha akaja fundi wa paa, na fundi wa paa akishaingia nyumbani mtu hapati tena utulivu wa kuandika. Sasa nimepona, na paa halivuji.

Natumai goti lako halikusumbui sana katika baridi hii. Nimesikitika kusikia kwamba kwaya ya kanisa imevunjika kwa ugomvi wa nani ataimba peke yake Krismasi. Mama angecheka. Umesema matofaa yamezaa mno mwaka huu. Huku kwetu mvua imeyaozesha mtini.

Sasa nije kwenye jambo lako. Unanieleza kwamba ulinunua mashine ya kutafutia vyuma kwenye mnada wa vitu vikuukuu kanisani, ukaenda nayo Konde la Mbweha baada ya ngano kuvunwa, na siku ya tatu ikalia. Ukachimba shubiri mbili, ukatoa bizimu la madini ya fedha, la mviringo, lenye vijiwe vyekundu, ambalo Waanglo-Saksoni walifungia nguo begani. Umenieleza hayo kwa kurasa nne, na ukurasa wa nne hauna nukta hata moja. Nimezitia mwenyewe kwa kalamu nyekundu ili niweze kusoma.

Nakupongeza. Mtu akitembea kondeni na mashine, hana budi kukanyaga kitu siku moja. Lakini usilioshe. Usilisugue. Usimwonyeshe kila mpita njia. Nina hofu kwamba naandika nikiwa nimechelewa, kwa maana wewe na mimi tulilelewa katika nyumba ambamo shaba za hatamu za farasi zilisuguliwa kila Jumamosi kwa majivu na siki mpaka mtu akaweza kujitazama uso. Mkono uliolelewa hivyo haujui kuacha kitu kikiwa kichafu. Basi uzuie.

Umeuliza pia kama ninakikumbuka "kile kifungo" ulichookota mwaka baba alipouza farasi. Hester, hiyo ni miaka hamsini na minne iliyopita. Ulikuwa na miaka tisa na uliokota kila kitu, pamoja na meno ya kondoo. Sikumbuki.

Kaka yako,
Ambrose


Ellingfold, Suffolk
20 Novemba 2005

Kaka Ambrose mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Nimefurahi kwamba kifua kimepoa. Goti langu ni lilelile, hupanda ngazi likilalamika na kushuka likitukana. Mbweha amechukua kuku wawili. Kwaya imepatana: wataimba wote kwa pamoja na hakuna atakayesikika. Jumapili nilipeleka maua kwenye kaburi la Cyril, na nikamwambia marehemu mume wangu kwamba nimechimba shimo katika konde lake la thamani. Enzi za uhai wake hakuruhusu hata fuko alichimbe.

Nukta nimetia, zihesabu mwenyewe.

Sikulisugua, kaka. Nilililaza pamoja na bonge lake la udongo ndani ya kopo la siagi, nikafunika kwa kitambaa kibichi. Aliyelitazama wa kwanza ni Mervyn Pettit. Unamkumbuka Mervyn, mtoto wa mhunzi? Siku hizi ni mwenyekiti wa chama cha wenye mashine, na kwa miaka kumi na mmoja amepata maganda ya risasi na vizibo.

Akainama, akavaa miwani, akavua miwani. "Bi Hester, hicho ni kizibo."

"Kizibo hakina vito, Mervyn."

"Mashine yenyewe ya mnadani! Yangu imetoka Ujerumani!"

"Basi irudishe ikatafute huko, labda imekumbuka kwao."

Hajanisalimia tangu siku hiyo. Kanisani anakaa upande wa pili na kuimba kwa sauti kubwa kuliko lazima.

Halafu alikuja afisa wa makumbusho, Bi Rowena Garrod, binti wa miaka thelathini hivi mwenye viatu vya mkulima. Akatazama kopo la siagi, akakaa kitako jikoni kwangu kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Nani alikufundisha kuliacha na udongo wake?"

"Kaka yangu," nikamwambia. "Ukurasa wa thelathini na moja."

Usishangae. Kijitabu chako cha mwaka 1974 ninacho, nimekisoma mara nyingi kuliko unavyodhani, na ukurasa wa thelathini na moja unasema mtu akiondoa udongo anaondoa nusu ya habari. Bi Rowena naye anakijua. "Thurlow wa bizimu moja?" akauliza. "Yule aliyeandika kwamba wanawake wa bonde hili walivaa bizimu moja tu, ilhali kwingine kote walivaa mawili, moja kila bega, na shanga zikining'inia katikati?"

"Huyohuyo."

"Hoja yote ameijenga juu ya bizimu moja alilolichora. Nimejiuliza siku zote alilipata wapi."

Nikamwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza. Na lile la farasi sijalisahau. Ilikuwa Novemba, baba amewauza Kapteni na Duchess kwa mchinjaji na akalia ndani ya banda, na trekta jipya liliingiza plau chini kuliko farasi walivyowahi kufika. Mimi nilifuata nyuma nikiokota mawe. Kitu kilikuwa cha mviringo, kimeng'aa ukingoni, na chekundu ndani. Ulisema ni pambo la hatamu. Ulisema utamwonyesha mwalimu wako. Halafu?

Dada yako,
Hester


Hexham
15 Januari 2006

Mpendwa Hester,

Pudini ya Krismasi ilifika salama, nami naitafuna polepole kwa sababu ya jino. Vitunguu vya siki vilifika vimevunjika chupa, na posta imeomba radhi kwa barua yenye makosa mawili. Mwaka mpya uwe mwema kwako. Hapa theluji imefika kwenye kizingiti, na jirani yangu amenikera kwa kunisafishia njia bila kuombwa, kana kwamba nimekwisha.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli.

Mwambie Bi Garrod kwamba bizimu lililochorwa kijitabuni lilitoka katika mkusanyiko wa mtu binafsi ambaye hakupenda jina lake litajwe. Ndivyo nilivyoandika mwaka 1974, na sina la kuongeza.

Asante pia kwa gazeti. Nimeona picha yako ukurasa wa tatu, umesimama kondeni umevaa kofia uliyovaa kwenye arusi ya binti yako. Ulikuwa na haja gani ya kuvaa kofia? "Mjane afunua siri za Waanglo-Saksoni," wameandika. Siri gani uliyoifunua, Hester? Umefunua shimo. Nimepiga magoti katika mashimo ya wenye shahada kubwa kuliko yangu kwa majira ishirini na mawili ya kiangazi, kwa kijiko na brashi, likizo zangu zote za ualimu. Vyote nilivyopata vinaenea katika boksi la viatu: vigae, mguu wa ng'ombe, na kiko cha karne ya kumi na nane. Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na sita kwamba wale hawakuwa washenzi waliokaa gizani kusubiri kustaarabishwa. Niliwaambia kwamba walijua kufua dhahabu ikawa nyembamba kuliko karatasi na kuiweka chini ya kijiwe ili kijiwe kiwake kwa ndani, na kwamba vijiwe vyenyewe vilisafirishwa kutoka India, mkono kwa mkono, mpaka kwenye bega la mke wa mkulima. Haya yote nimeyasema kutoka vitabuni. Sikuwahi kuinua hata kimoja kutoka ardhini kwa mkono wangu.

Na wewe, siku tatu. Kwa mashine ya mnadani.

Nimesoma upya sentensi hizo, na ningezifuta kama nisingechukia karatasi yenye kufutwafutwa. Hata hivyo nakushukuru kwa jambo moja. Umepata bizimu moja, si mawili. Nilivyoandika ndivyo ilivyo.

Ambrose


Ellingfold
2 Aprili 2006

Kaka Ambrose,

Natumai jino limekwisha. Kwetu wote wazima. Binti yangu Tamsin amehamia Norwich na mume wake mwenye kucheka peke yake. Mbuzi wa Mervyn alivunja ua, akala nusu ya kabichi zangu, na Mervyn alilazimika kunisalimia ili aombe msamaha. Alisema "Habari" kama mtu anayetapika.

Kofia niliivaa kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Na kwa sababu ni nzuri.

Wamechimba. Konde sikulipanda, Bi Rowena akaja mwezi Machi na watu wanne na hema, wakafanya kazi siku tisa. Niliwapikia supu, na kila asubuhi nilisimama ukingoni mwa shimo. Sikuambii kwa kujisifu. Nakuambia kwa sababu najua ungetoa mguu mmoja usimame pale nilipokuwa nimesimama.

Ni kaburi la mwanamke. Amelala chali, miguu imekunjwa kidogo, meno mazuri kuliko yangu. Bi Rowena anasema alikufa akiwa na miaka arobaini au hamsini. Kiunoni alikuwa na funguo mbili ndefu za shaba. Nikauliza, zilifungua nini? "Hazikufungua chochote," akasema. "Hazina meno. Walizivaa wanawake wa nchi hii kuonyesha kwamba nyumba ni yao, ghala ni lao, na anayekula amekula kwa ruhusa yao."

Nikacheka mpaka wakadhani nina wazimu. Nami niliachiwa funguo za nyumba, Ambrose. Nilikuwa na miaka kumi na minne mama alipoanza kuumwa, na mwalimu alikuja mara mbili kumwambia baba kwamba nina kichwa kuliko cha kaka yangu. Baba akasema mmoja anatosha. Wewe ulikuwa chuo kikuu tayari.

Sasa sikia haya. Lile bonge la udongo walilifungua polepole, juma zima. Nyuma ya bizimu, pale pini ya chuma iliposhika kutu, nguo yake imebaki. Kutu imekula nyuzi na kuchukua umbo lake, moja moja. Wamezihesabu. Wanajua alivaa sufu ya nyuzi mbili, na ukingoni palishonwa utepe uliofumwa kwa vibao, wenye rangi ya buluu. Bi Rowena alilia. Alisema nguo za watu hawa zimeoza zote, na tunachojua juu yake kinatoka migongoni mwa mabizimu ambayo hakuna mtu aliyeyasafisha.

Bizimu langu lilikuwa la bega la kushoto. Bega la kulia halikuwa mahali pake: plau ilipita pale zamani ikasukuma mifupa. Lakini chini ya mfupa waliona kipande cha pini ya chuma. Pini tupu, iliyovunjika. Bizimu lake halipo.

"Mtu alilichukua," Bi Rowena alisema. "Si zamani sana. Mpasuko wa plau ni wa trekta, si wa farasi."

Nikaendelea kukata mkate.

Tarehe 30 Juni kutakuwa na kikao mjini. Afisa anayechunguza waliokufa ghafla ndiye huyohuyo anayeamua hazina ni ya nani, kwa hiyo nitakaa kwenye benchi moja na watu wa ajali za barabarani. Baada ya hapo taarifa itaandikwa, nayo ikishaandikwa itabaki hivyo: mwanamke mwenye bizimu moja. Makumbusho watamweka katika kabati la vioo. Bi Rowena amenionyesha mchoro: upande wa kushoto bizimu, upande wa kulia duara jeupe, tupu.

Sikuulizi tena, kaka. Nimeuliza mara tatu.

Hester


Hexham
9 Aprili 2006

Hester,

Bi Garrod ni mtoto. Pini ya chuma inaweza kuwa pini ya kitu chochote: mfuko, shela, kichwa. Anayejenga bizimu zima juu ya pini tupu anafanya kazi ya ushairi. Naomba unitumie vipimo vya kipande hicho, na upana wa bizimu lako kwa milimita, na unieleze kama vijiwe vimepangwa kwa mistari au kwa nyota.

Kuhusu ulivyoandika juu ya mwalimu aliyekuja nyumbani mara mbili, sikuambiwa.

Jino liling'olewa.

A.


Hexham
4 Juni 2006

Mpendwa Hester,

Majuma manane yamepita, na hukunitumia vipimo. Nilidhani posta imepoteza, nikaenda kuuliza. Haikupoteza. Basi nimeelewa kwamba safari hii kimya ni chako, na kwamba unacho kwa haki. Nakuombea afya, wewe na Tamsin na mume wake anayecheka.

Vipimo sivihitaji. Nilivihitaji ili nipate mahali pa kusimama na kukataa. Upana ni milimita thelathini na nne, na vijiwe vimepangwa kwa nyota yenye ncha nne. Ninavijua kwa sababu ninavyo mbele yangu.

Katika kifurushi hiki, ndani ya soksi, utalikuta.

Nitaeleza mara moja tu, kwa mpangilio. Novemba 1951 uliingia jikoni mbio, umejaa matope hadi nywele, ukakiweka kitu mkononi mwangu. Nilikitambua kabla vidole vyangu havijafunga. Nilikuwa nimesoma kila kitabu cha Waanglo-Saksoni kilichokuwamo katika maktaba ya shule, na kila asubuhi nililikatiza konde lile kwenda kituo cha basi, nikitazama chini. Mwaka mzima nilitazama chini. Na wao wakajitokeza kwako, mtoto mwenye kamasi anayeokota mawe. Nilikuonea wivu, Hester, wivu uliokuwa na ladha kabisa, kama chuma mdomoni. Nikasema ni pambo la hatamu.

Alasiri ileile nililisugua kwa majivu na siki, ili ling'ae kwa mwalimu. Nyuma palikuwa na uchafu wa kahawia, mgumu, kama mizizi iliyokauka. Niliukwangua kwa ncha ya kalamu. Ulichukua saa moja kutoka. Nimekuwa nikiukumbuka uchafu ule tangu barua yako ya Aprili, na sasa ninajua kwamba niliuona mfumo wake. Ulikuwa na mistari. Nilikwangua utepe wa mwanamke yule, uzi kwa uzi, nikapuliza vumbi lake nje ya dirisha. Miaka ishirini na mitatu baadaye nikaandika ukurasa wa thelathini na moja kuwafundisha wengine.

Sikumwonyesha mwalimu. Nilikwenda nalo kwenye usaili wa chuo kikuu, nikaliweka mezani mbele ya maprofesa watatu, nikasema, "Nililiokota katika shamba la baba yangu." Walinyamaza. Sijawahi kunyamazisha watu kiasi kile tena maishani mwangu. Nafasi nikaipata. Kuhusu bizimu moja, niliamini kweli. Nilipokuwa kijana nililitafuta la pili kwa likizo mbili na sikuliona, nikasema basi halikuwapo. Ni rahisi kujenga hoja pale unapokuwa huwezi kumwuliza mtu aliyekuwapo.

Kisheria, kwa wakati ule, sidhani kama palikuwa na kosa. Nimeangalia. Nimeiandika sentensi hiyo ili uone nilivyo.

Septemba iliyopita wakajitokeza kwako tena. Mara ya pili, Hester. Niliisoma barua yako, nikaiweka chini ya kamusi, na kwa majuma tisa nilitamani liwe kizibo.

Kijitabu changu ndicho kitu pekee duniani chenye jina langu juu ya jalada. Likiwekwa bizimu hili pale kwenye duara tupu, kijitabu kimekwisha, na kila mtu atauliza lilikuwa wapi. Fanya utakavyo. Sikuombi chochote.

Kaka yako,
Ambrose


Ellingfold
18 Juni 2006

Kaka Ambrose,

Nimelipata. Tarishi alitaka nitie saini, akauliza, "Kuna nini humu, Bi Hester, mbona kizito?" Nikamwambia soksi ya kaka yangu.

Huku wazima. Tamsin anatarajia mtoto Desemba. Mervyn amehama chama kwa hasira baada ya wanachama kumpigia kura mtu mwingine, na sasa anakuja kunywa chai kwangu kila Jumatano na kuwasengenya wote. Ameniuliza kama namkodishia Konde la Makaa. Nimesema nitafikiri. Inapendeza sana, kaka, kusema nitafikiri.

Sasa na mimi nieleze, mara moja tu.

Nilijua. Sijajua mwezi huu, wala mwaka huu. Nimejua tangu 1974, siku uliponitumia kijitabu chako chenye saini. Ukurasa wa tisa kuna mchoro, na katika mchoro kijiwe kimoja kimemeguka pembeni. Ulichora vizuri, kaka, ulichora hata kilipomegeka. Nilikimegua mimi. Nilikiangusha kwenye ngazi ya jikoni nikikimbia kukuonyesha wewe. Wewe kwanza, Ambrose. Kabla ya baba.

Nilikaa na kijitabu kile mapajani mpaka maziwa yakachemka yakamwagika. Sikumwambia Cyril. Nilikuonea wivu kila siku niliyoamka saa kumi na moja kulisha nguruwe, na kila kadi ya Krismasi uliyoandika kwa Kilatini ili nishindwe kuisoma. Nilijifunza kuisoma. Nilikaa na kamusi ya shule ya Tamsin, miaka minne, na ulikosea mara moja, mwaka 1983.

Mashine ile haikuwa ya kuchezea. Cyril alipozikwa, jambo la kwanza nililofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba sasa naweza kuchimba Konde la Mbweha. Nilijua mahali. Nilikuwa na miaka tisa, lakini nilihesabu hatua kutoka lango. Siku mbili za kwanza nilizunguka tu nikajifanya natafuta, maana Mervyn alikuwa anachungulia ukutani. Siku ya tatu alikwenda kwa daktari wa meno.

Na ukurasa wa nne niliuandika bila nukta kwa makusudi, ili uwe na kitu cha kusahihisha unapotetemeka.

Kwa hiyo usijione mwenye dhambi peke yako. Nilikuvuta barua kwa barua kama samaki, na nilifurahi. Uliposema kwamba nimepata bizimu moja si mawili, nilicheka mbele ya kuku.

Sikutarajia habari ya kalamu. Hiyo nimeisoma mara moja na sitaisoma tena. Nilifikiri umelificha tu. Nilifikiri nguo yake ingali nyuma yake, nikawa nangoja kuiona.

Halina pini, kwa hiyo jana nililibana kwa pini ya nepi kwenye bega la kulia la sweta langu, nikaenda nalo kuwalisha kuku na kuanika nguo. Nilishinda nalo. Linavuta sweta chini, ni zito kuliko nilivyokumbuka. Na linang'aa, Ambrose. Langu kule makumbusho ni la kijivu, lina magamba, lina nyuzi zake mgongoni na kila mtu analiinamia. Lako linang'aa kama shaba ya hatamu na halina la kusema.

Bi Rowena atakuja Alhamisi kuchukua saini yangu kabla ya kikao cha tarehe 30. Nina mambo matatu ninayoweza kufanya. Naweza kumpa na barua yako juu yake. Naweza kumpa na kusema, hili niliokota mimi nikiwa na miaka tisa na lilikuwa kwenye sanduku la vifungo la mama. Ni nusu kweli, na jina lako litabaki kwenye jalada lake. Au naweza kulirudisha ndani ya soksi na kulitia mtotoni mwa meza kwa miaka hamsini na minne, nione raha yake ilikuwa nini.

Yule mwanamke alikuwa na funguo ambazo hazikufungua chochote. Ufunguo wangu huu unafungua.

Usiniandikie kabla ya hapo, na usipige simu kwa Tamsin. Mimi nilisimama jikoni Novemba nzima ya mwaka ule nikikusubiri ushuke kwenye basi uniambie mwalimu amesema nini. Sasa wewe ndiye utakayesimama dirishani kumtazama tarishi.

Nikishaamua, nitakuandikia.

Mdogo wako,
Hester